Harufu Aliyorudi Nayo Obiero

Kama hukuwa nasi wiki jana, mambo yalikuwa yamefika hapa. Amondi, mama yake Adhis, alikuwa ameketi kitandani katika chumba chao cha Gatwekera, Kibera, koti la mumewe likiwa mapajani. Mfukoni mwa koti hilo alikuwa ametoa kichupa cha kahawia kisicho na jina lolote. Alikifungua, akanusa.

Ndiyo hiyo.

Ndiyo ile harufu ambayo Obiero alikuwa akirudi nayo nyumbani tangu mvua zianze. Ilifanana na ya mchaichai, lakini kali zaidi, yenye ndimu ndani yake na kitu kingine kama majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi. Kila Amondi alipouliza, Obiero alisema ni sabuni ya kunawia ya saiti, kule Athi River alikokuwa akichomelea mageti.

Sabuni gani hiyo inayonukia shingoni na kwenye kola, lakini mikononi haipo?

Mtu mwingine angeweza kudanganywa kwa sabuni. Si Amondi. Kazi yake ilikuwa kufulia watu nguo Nyayo Highrise, na mashati ya waume za watu aliyajua kuliko wake zao walivyoyajua. Sabuni zote zilikuwa zimepita mikononi mwake. Hii haikuwa sabuni. Hii ilikuwa mwanamke.

Na mwanamke huyo Amondi alikuwa ameshamuumba kichwani. Mwembamba. Kucha ndefu. Nywele za kununua. Ngozi laini inayong'aa kwa mafuta haya haya. Alimwona kwenye povu la karai, alimwona alipokuwa akianika, alimwona hata kanisani wakati wa maombi akiwa amefumba macho.

"Kama hii ndiyo harufu anayoifuata," alijiambia, "leo ataikuta nyumbani."

Akamimina mafuta kiganjani. Akajipaka shingo, akajipaka kifua, akajipaka mikono hadi kwenye viwiko. Hakubakisha hata tone. Kisha akaketi kwenye kona nyuma ya pazia, akangoja.

Chumba chao hakikuwa na dirisha, na stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Hata mchana wa jua, mtu anayeingia kutoka nje alichukua muda kabla ya macho yake kuzoea. Adhis alikuwa shuleni. Nje, majirani walikuwa wakigombania mfereji wa maji.

Obiero aliinama, akapita mlangoni, akasimama ghafla.

Akavuta pumzi. Akavuta tena. Amondi alimwona vizuri kwa mwanga wa mlango, lakini yeye hakumwona Amondi. Uso wake ulilegea, ukalainika kwa namna ambayo mkewe hakuwa ameiona kwa miaka mingi.

"Wakarima?" aliita kwa sauti ya chini. "Nani amekuonyesha huku?"

Jina! Kumbe hilo dudu lina jina!

"Wakarima ni nani?"

Obiero aliruka hata kofia yake ya kazi ikaanguka.

"Ai! Mama Adhis! Kumbe ni wewe?"

"Ulifikiria ni nani? Nimekuuliza, Wakarima ni nani?"

"Sijasema Wakarima. Nimesema wa Karima. Si unajua Karima, yule mama wa mahamri kule Makina? Nilidhani ametuma mtu. Mtu wa Karima."

"Tangu lini mahamri ikanuka hivi, Baba Adhis?"

Obiero alifungua mdomo. Lakini kabla hajapata uongo wa kuutia ndani, Amondi alianza kujikuna.

Mwanzo ilikuwa kama kuwashwa na upupu. Kisha ikawa moto. Moto shingoni, moto kifuani, moto kwenye mikunjo ya viwiko. Obiero aliwasha tochi ya simu, akammulika. Ngozi ilikuwa imeiva kwa wekundu na vipele vilikuwa vimeanza kuinuka.

"Umepaka hii mafuta hivi hivi? Bila kuchanganya?" Alishika kichwa. "Amondi, hii ni safi, ndivyo imetoka kwa pipa! Inawekwa matone kidogo tu ndani ya mafuta ya nazi! Ukipaka peke yake inachoma!"

Alipomaliza kusema, alijua amesema sana.

"Na wewe mtu wa kuchomelea mageti," Amondi aliuliza akijikuna, "umejulia wapi?"

"Nilinunua ya mbu. Aliyeniuzia akanieleza. Si ni mbu wanatumalizia mtoto hapa? Huo mtaro wa nyuma unazaa mbu kila siku. Ndiyo maana nakwambia, Adhis aende akae kwa dada yangu Riruta shule zikifungwa. Huko ni pasafi. Lakini wewe hutaki kuskia."

Hivyo ndivyo Obiero alivyokuwa. Ukimshika mkia, anakupa kitu kingine ushike. Habari ya Adhis kwenda Riruta ilikuwa ya muda mrefu sasa, na Amondi alikuwa karibu kukubali.

Alichukua karai, akajimwagia maji. Moto haukupungua, ukazidi kuenea. Alipoinua macho kutafuta taulo, mlango ulikuwa wazi na Obiero hayupo.

Alirudi watu wakiwa wamelala, akaondoka kabla hawajaamka.

*

Asubuhi, Adhis alipokwisha kwenda shule, Lenah wa mlango wa pili alikuja kuomba kiberiti. Lenah ni msichana wa Kakamega anayekaanga mandazi pale kwenye kona, mdomo wake hauna breki lakini moyo wake ni mzuri.

"Sasa, Mama Adhis. Manze, unanukia! Kwani umemwagikiwa na sitronela?"

"Sitro nini?"

"Sitronela. Si hii nanusa?" Lenah alisogea, akaona shingo. "Haki ya Mungu! Nini hii?"

Amondi alijifunika leso upesi. "Niambie kwanza hiyo kitu ni nini."

"Ni nyasi. Ndugu ya mchaichai, ila hii huweki kwa chai. Wanaipika kwa mvuke mpaka inatoa mafuta. Mimi siwezi lala bila. Subiri."

Alikimbia kwake, akarudi na chupa ndogo ya plastiki. Amondi alinusa. Ndiyo, ilikuwa hiyo, ila hii ilikuwa imepunguzwa, ya upole, ikiwa na nazi ndani yake.

"Inafukuza mbu vizuri," Lenah aliendelea. "Shida yake, inaruka haraka. Nikipaka nikianza kukanda unga, kabla mandazi ya mwisho haijaiva harufu imeisha kwa ngozi na mbu wamerudi. Lazima unapaka tena na tena. Kwa nguo ndiyo inashika kidogo."

Akili ya Amondi ilikuwa imeshatoka mbio.

Athi River mpaka Kibera, na ule msongamano wa magari wa jioni. Hakuna shingo ya binadamu inayoweza kubeba harufu hiyo kutoka Athi River ikafika bado mbichi. Na shingo ya Obiero, kila jioni, ilinukia kama mtu aliyetoka kupakwa hapo nje ya mlango.

Kupakwa. Neno hilo lilimchoma kuliko yale mafuta.

"Unanunua wapi?"

"Kawangware, pale stendi ya 56, nyuma ya zile saluni. Kuna mama fulani Mkikuyu, anatengeneza mwenyewe. Anaitwa Wakarima." Lenah alisita. "Mama Adhis? Nimesema nini mbaya?"

Amondi alikuwa tayari amevaa viatu.

"Shika ufunguo wangu. Adhis akirudi, mpe chai."

*

Alitembea kwa miguu, kwa sababu mtu mwenye hasira ile hawezi kukaa kitako kwenye gari. Alipita Olympic, akavuka Ngong Road, akashika Naivasha Road, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alikuwa na matusi ya Kiswahili, alikuwa na ya Kijaluo, na alikuwa na mawili ya Kikuyu aliyofundishwa na mwenye nyumba wao wa zamani.

Hakuhitaji kumuuliza mtu. Alipofika nyuma ya saluni, harufu yenyewe ilimwongoza hadi kwenye lango la mabati lililoachwa wazi.

Ndani kulikuwa na ploti ya vyumba vya kupangisha, na mwisho wa ua, chini ya paa la mabati, pipa kubwa lilikuwa juu ya moto. Bomba lilitoka juu ya pipa, likajizungusha ndani ya tangi la maji baridi, likatokea upande wa pili likidondosha tone, tone, ndani ya chupa ya kioo. Mwanamke aliyevaa gambuti alikuwa akibeba mafungu ya nyasi ndefu.

"Namtafuta Wakarima," Amondi alisema.

"Umempata, mami. Karibu."

Amondi alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye gambuti.

Huyu? Alikuwa mnene, amemzidi Amondi umri kwa mbali, mvi zikichungulia chini ya kitambaa. Mikono yake ilikuwa mikavu, imekatwakatwa na nyasi. Kucha hazikuwepo za kusemwa. Amondi alikuwa amekuja kupigana na yule mwembamba wa kichwani mwake, na hapa pamesimama mtu ambaye angeweza kukutana naye kwenye foleni ya maji na asimtazame mara mbili.

Wivu wake haukupoa, ulipanda. Angekuwa mrembo, Amondi angejua Obiero alifuata nini. Kwa huyu alifuata nini? Alipata nini hapa ambacho nyumbani hakipo?

Leso ilimteleza. Wakarima akaona shingo.

"Woiye! Nani amekuchoma hivi?" Aliangusha nyasi, akasogea, akanusa. "Hii ni yangu! Safi kabisa! Nani alikupa?"

"Nilinunua kwa mtu wa kutembeza," Amondi alisema. Matusi yote aliyoyapanga yalikuwa yamepotea.

"Safi siuzi mimi. Kuna mtu ananiibia hapa. Na ulifanya nini, ukaosha na maji?"

"Maji."

"Maji haitoi. Inasambaza tu. Keti."

Alimkalisha kwenye stuli, akaleta mafuta ya nazi, akammiminia shingoni na kuanza kupangusa kwa kitambaa laini, polepole. Kisha sabuni ya kipande, kisha maji, kisha mafuta ya nazi tena. Moto uliokuwa umemsumbua Amondi usiku kucha ulianza kushuka.

"Hii mafuta ni nzuri lakini ina wenyewe," Wakarima alisema huku mikono ikifanya kazi. "Matone machache kwa kikombe cha mafuta ya nazi, na ujaribu kwanza hapa kwa mkono, ungoje uone kama ngozi inaikubali. Usiweke karibu na macho. Usinywe. Mtoto mchanga usimpake kabisa. Ukitaka ikae zaidi, changanya na vaselini. Nyingine mimi naweka kwa sabuni, kwa mishumaa, kwa maji ya kupiga deki, nyumba inanukia na nzi hawaji. Lakini mbu inafukuza tu, haiui. Neti bado ulale ndani. Ukisikia mtu akisema inatibu malaria, huyo anataka kukuibia."

Amondi hakuwa akisikia yote. Alikuwa akiitazama mikono ile. Mikono ile ndiyo iliyompaka mumewe shingoni. Na ubaya ni kwamba ilikuwa mikono mizuri. Ilishika mtu kama inayomjali. Kwa miaka mingapi hakuna mtu aliyemshika hivyo?

"Unaitwa nani, mami?"

"Rosebella, wa Kibera." Hilo lilikuwa jina la dada yake. Lilimtoka lenyewe.

"Kibera? Na vile unaongea, Mjaluo wa ziwani? Hata fundi wangu ni wa huko kwenu!" Wakarima alitabasamu, na uso mzima ukabadilika. "Unaona hilo pipa? Mwanzo lilikuwa linavuja mvuke kila mahali, mafuta inatoka ikinuka moshi. Nilikuwa karibu niache, nirudie kuuza mboga kama marehemu mama. Ndiyo akaja. Akaziba, akachomelea upya, akarefusha bomba ndani ya maji. Siku ile mafuta ilitoka safi kama machozi, tulikaa hapa tukiitazama kama watoto."

Tulikaa. Tukiitazama. Amondi alihesabu kila neno.

"Unaongea juu yake kama si fundi tu."

Wakarima alicheka kwa haya, mwanamke mzima na mvi zake. "Sasa wewe umeniona. Tunaoana. Pasta ameshakubali."

Moto ulitatarika chini ya pipa.

"Kwani hana bibi?"

"Alikuwa naye." Wakarima aliacha kupangusa. "Alikufa."

"Alikufa?"

"Malaria. Walikuwa wameenda nyumbani kwa matanga, akaumwa na mbu huko. Waliporudi homa ikapanda kwa kichwa. Alimfia mikononi, woiye. Anaitwa Amondi. Aliitwa, Mungu amrehemu."

Amondi alisikia jina lake likiombewa rehema, akiwa ameketi hapo hapo, anapumua, shingo ikimuuma.

Alitaka kusimama. Lakini alitaka zaidi kusikia.

"Alikuambia yeye mwenyewe?" aliuliza.

"Akilia. Mwanaume analia hadi shati inalowa! Hajui kuongea juu ya kitu kingine huyo. Ati Amondi alikuwa anafulia watu nguo, na jioni akirudi mikono yake inanukia sabuni, basi yeye alikuwa anaishika hiyo mikono ndiyo apate usingizi. Ati hakuwahi kumpandishia sauti hata siku moja. Ati alikuwa akiimba akipika, na yeye anasimama nje ya mlango kwanza, asikize, kabla aingie."

Amondi alitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa imekunjamana kwa maji ya watu, ngozi imetoboka kwa dawa ya madoa. Obiero hakuwa ameishika tangu Adhis aanze kutembea. Na kuimba? Mara ya mwisho alipoimba akipika, Obiero alimwambia apunguze kelele, anasikiza mpira.

Basi Amondi, ambaye alikuwa amekuja Kawangware kumwonea wivu Wakarima, alijikuta anamwonea wivu marehemu. Mwanamke yule aliyekufa alipendwa. Alisikizwa mlangoni. Alishikwa mikono. Na yeye aliyebaki hai alipewa nini? Mashati ya kufua.

"Nikuambie ukweli, Rosebella?" Wakarima alisema, akiketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Namwonea wivu huyo marehemu. Usinicheke. Aliye hai unaweza kushindana naye, unapika vizuri kumshinda. Lakini aliyekufa hazeeki, hakosei, hanuni. Kila siku Amondi, Amondi. Nikasema basi, badala akae kati yetu kimya kimya, nitampa nafasi yake, kila mtu aione."

Alinyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na boksi. Ndani mlikuwa na karatasi mpya za kubandika kwenye chupa, bado zinanuka wino. Juu kulikuwa na picha ya shina la nyasi, na chini yake maandishi ya kijani:

MAFUTA YA AMONDI. HUFUKUZA MBU.

"Yeye alikataa," Wakarima alisema. "Aliingiwa na baridi kabisa nilipomwonyesha. Akasema tutafute jina lingine. Nikajua ni uchungu. Unaonaje?"

Amondi aliishika karatasi moja. Maandishi yalimcheza machoni. Alitaka kucheka. Alitaka kuirarua na kuitupa motoni na boksi zima. Badala yake alisema, "Ni nzuri."

"Sasa njoo uone hii, kisha uniambie kama mwanamke."

Alimshika mkono, akampeleka kwenye chumba kilicho karibu na lango. Kilikuwa kimepakwa rangi ya waridi juzi juzi. Kitanda kidogo, neti mpya imefungwa juu, shuka lenye maua. Kwenye dirisha, mshumaa wa sitronela ambao haujawashwa. Chini ya kitanda, viatu vyeusi vya shule, vipya, vimepangwa sambamba.

"Ana msichana," Wakarima alinong'ona kana kwamba kuna mtoto amelala. "Anaitwa Adhis. Yuko kwa jirani huko Kibera, tangu mama yake aende. Shule zikifungwa anakuja hapa, kwangu. Mimi sikujaliwa mtoto, Rosebella. Nimeomba hadi nikachoka kuomba. Unadhani atanikubali?"

Amondi alivitazama viatu vile.

Kumbe Riruta ilikuwa hapa. Kumbe habari ya dada ilikuwa uongo. Mtoto wake angepakiwa nguo na mama yake mwenyewe, apewe busu, aambiwe awe na heshima kwa shangazi, kisha aletwe kwa mwanamke huyu kama yatima.

Mume, Amondi alikuwa radhi kumwacha aende. Hilo alilijua dakika ile, na lilimshangaza jinsi lilivyokuwa jepesi. Lakini Adhis? Adhis na hivi viatu ambavyo yeye, kwa kufua kwake kote, hakuwa ameweza kumnunulia? Viatu vile vilimtia wivu kuliko harufu yote ya shingoni mwa Obiero.

"Vitamtosha?" Wakarima aliuliza, akiona anavyovitazama.

"Vitakuwa vikubwa kidogo," Amondi alisema. "Yeye ana mguu mwembamba."

"Umejuaje?"

Kabla Amondi hajajibu, lango la mabati liligonga ukuta.

"Waka!" Sauti ilikuwa ya furaha, sauti ya mtu anayerudi mahali anapopendwa. "Waka wangu, uko wapi? Nimepata ile bomba ya shaba!"

"Ndiye huyo!" Wakarima alijipangusa uso kwa kitambaa. "Njoo, umsalimie mtu wa kwenu."

Obiero alikuwa amesimama kando ya pipa, bomba limezungushwa begani kama nyoka, akitabasamu. Alimwona Wakarima kwanza. Kisha akamwona anayekuja nyuma yake.

Tabasamu lilibaki pale pale usoni, ila mwenyewe hakuwa ndani yake tena.

"Fundi, huyu ni Rosebella wa Kibera. Ameuziwa mafuta yetu na mwizi fulani, ameungua shingo yote. Rosebella, ndiye huyu."

Tone lilidondoka ndani ya chupa. Likadondoka lingine.

Macho ya Obiero yalimwomba. Amondi aliyajua macho hayo, lakini kwa miaka yao yote hayakuwa yamemwomba yeye chochote. Na hata sasa yalikuwa yakiomba kwa ajili ya mwanamke mwingine.

Obiero alinyoosha mkono.

"Nimefurahi kukujua, mama," alisema.

Amondi aliushika mkono ule. Ulikuwa umelowa jasho. Aliushika kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji, mpaka Wakarima akaanza kuwatazama, mara huyu, mara huyu.

"Kwani mnajuana?"

"Hapana," Obiero alisema haraka.

Amondi angeweza kupiga kelele. Wapangaji wangetoka vyumbani, saluni zote za 56 zingejaa uani, na hadithi ingefika Kibera kabla yake. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Lakini alimtazama Wakarima, mikono yake bado inang'aa mafuta ya nazi aliyompaka yeye, akaona kwamba kelele ingemwachia Obiero nafasi ya kutoroka kama jana. Leo hatoroki.

"Huyu simjui," alisema. "Lakini marehemu nilimjua. Tulikuwa naye karibu sana."

Bomba la shaba lilimteleza Obiero begani, likaanguka kwa kishindo.

"Ulimjua Amondi?" Wakarima alisahau kila kitu. Alivuta stuli karibu na moto, macho yamemtoka kwa ile hamu ya mtu anayetaka kumwona aliyemtangulia. "Mbona hukuniambia? Keti, mami. Keti unihadithie. Huyu akifika mahali pa kifo chake hulia, hamalizi."

Amondi aliketi. Akaitandaza vizuri leso yake mapajani. Kisha akavuta stuli ya pili kwa mguu, akaisogeza mbele ya mumewe.

"Keti na wewe, baba," alisema. "Hata wewe hujasikia vile alikufa."